Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Kruza, Angalia Sindano Inakaa Wapi

Watu wakijua kwamba nimeigusa injini ya kruza yangu, pikipiki nzito ya safari ndefu, swali la kwanza huwa ekzosi: umefunga ipi? La pili ni nguvu-farasi ngapi. Ni nadra mtu kuniuliza ninaendesha vipi, ninabeba nini, na sindano ya geji ya resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, inakaa wapi sehemu kubwa ya safari. Kwa niliyoyaona, majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayochagua spea. Ekzosi, kemu (mhimili unaofungua vali) na pistoni vinafuata nyuma yake.

Pikipiki yangu ni Harley-Davidson yenye injini ya Twin Cam 88, iliyoanza na modeli za mwaka 1999: silinda mbili za umbo la V kwa nyuzi 45, inayopozwa kwa hewa, cc 1450, vali mbili kila silinda, kabureta moja inayolisha pande zote mbili. Ni mashine nzito hata ikiwa tupu. Mimi naipanda na mke wangu nyuma na mabegi pembeni, na nilichokitaka kilikuwa wazi: ipande milima mirefu bila kunilazimisha kushusha gia kila mara, na nikitaka kulipita lori nimalize haraka na kurudi upande wangu. Mashindano ya taa za barabarani hayakuwa haja yangu.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nilitumia muda nikiitazama geji. Njia tambarare, mlimani, nikiwa peke yangu, nikiwa na abiria. Sindano ilikuwa kati ya 2,200 na 3,200 karibu muda wote. Nikipita gari ilifika 3,800 hivi. Ukomo wa injini ile ni kama 5,500, na huko sikuwa nafika kabisa. Niliziandika namba hizo kwenye karatasi, na kila nilipokwenda kuulizia spea niliitoa mfukoni. Ilikuwa inafupisha mazungumzo mengi.

Inafaa kueleza hesabu yake, maana bila hesabu hii mtu huuziwa kitu asichokihitaji. Kinachokusukuma mgongoni ukifungua mafuta ni torki, nguvu ya kranki, mhimili mkuu wa injini, kujizungusha. Nguvu inayotangazwa, ya kilowati au nguvu-farasi, ni torki hiyo ikizidishwa kwa mizunguko. Ukichukua Njutoni-mita, ukazidisha kwa mizunguko ya dakika moja, ukagawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Injini yenye Njutoni-mita 100 kwenye 2,800 inatoa kilowati 29 na kidogo. Iongezee Njutoni-mita 10 palepale na umepata karibu kilowati 3 zaidi, ambazo mwendeshaji wa kruza atazihisi kila siku. Njutoni-mita 10 zilezile zikiongezwa kwenye 5,500 zinatoa karibu kilowati 5.8. Ndiyo maana matangazo hupenda kuzungumzia huko juu: kazi ni ileile, namba inakaribia mara mbili. Lakini mimi huko juu siishi.

Watengenezaji wa kruza wenyewe wanalijua hili. Twin Cam ilipokuzwa mwaka 2007 kutoka cc 1450 kwenda 1584, kipenyo cha silinda kilibaki milimita 95.25, ila mwendo wa pistoni ulirefushwa kutoka 101.6 hadi 111.1. Injini ya Milwaukee-Eight iliyokuja na modeli za 2017 ilianzia cc 1746 na vali nne kila silinda. Triumph waliipa Rocket 3 ya mwaka 2019 cc 2458 na Njutoni-mita 221 kwenye mizunguko 4,000 tu. Wote wanatafuta mvuto wa chini na wa kati, wala si makelele ya juu. Anayeifungia kruza vipuri vya kuamkia kwenye 4,500 anaisukuma mashine kuelekea mahali ambako fremu yake, uzito wake na mkao wake havikukusudiwa.

Kabla ya spea yoyote, injini ipimwe afya. Hapa sina mengi, ila ni lazima. Pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote mbili. Halafu pima uvujaji: pistoni ikiwa juu kabisa na vali zote zimefunga, fundi anaingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza inatokea wapi. Ikipumua kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haikai vizuri. Ikisikika kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia. Ikitokea kwenye pumuo la injini, ringi zimechoka. Rafiki yangu mmoja alikuwa tayari kununua pistoni kubwa kwa sababu kruza yake ilikuwa imepoteza mvuto wa chini na inapiga kwenye ekzosi kila akiachia mafuta. Fundi alipopulizia kidogo kwenye maungio ya manifoldi ya kuingizia hewa, mngurumo ukabadilika papo hapo. Sili zilikuwa zimekauka na hewa ya ziada ilikuwa inapenya humo. Alibadilishiwa sili, kabureta ikarekebishwa, na pistoni zake za mwanzo anazo mpaka leo. Ukiongeza nguvu juu ya injini inayovuja, unaongeza gharama juu ya ugonjwa.

Baada ya hapo ndiyo nikaanza na upumuaji, yaani hewa inayoingia, moshi unaotoka, na mafuta yanayolingana navyo. Nilivichukua vitatu hivi kama kazi moja. Pikipiki inapotoka kiwandani inabanwa na sheria za kelele na za moshi: kasha la chujio la hewa ni dogo, ekzosi imezibwa, na mchanganyiko umefanywa mwembamba, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi. Petroli inaungua kikamilifu kwa uzani wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Lakini injini hutoa nguvu zake kamili kwenye 13 hivi, na injini ya kupozwa kwa hewa hupata joto la ziada ikilishwa mchanganyiko mwembamba mzigo ukiwa mkubwa. Ukifungua njia ya hewa bila kuongeza mafuta, unaifanya iwe nyembamba zaidi ya ilivyokuwa. Nimewaona waliofunga chujio kubwa peke yake wakashangaa kwa nini mguu wa kulia unaungua na pikipiki haijaongeza kitu.

Kwenye kabureta, petroli hupimwa na jeti, yaani vitundu vyake. Jeti kubwa inahusika zaidi mafuta yakiwa yamefunguliwa yote. Jeti ndogo inahusika mwanzoni kabisa, na sindano ya kabureta ndiyo yenye eneo la katikati. Sasa rudi kwenye karatasi yangu: mimi naishi katikati, nikiwa nimefungua robo au nusu. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kwenye jeti ndogo na sindano, na ile jeti kubwa ambayo kila mtu huizungumzia ilipanda hatua ndogo tu. Mwenye mfumo wa injekta atafanya kazi hiyohiyo kwa kubadilisha ramani ya mafuta kwenye kompyuta ya injini. Ajue tu kwamba sensa nyingi za kawaida za moshi huona vizuri karibu na 14.7 pekee. Ili kuona kinachotokea kwenye 13, fundi anahitaji sensa pana ya kupimia, na fundi asiyekuwa nayo anafanya kazi kwa kubahatisha.

Ekzosi inastahili maneno zaidi, kwa sababu ndiyo spea inayonunuliwa kwa macho na masikio. Vali ya kutolea moshi inapofunguka, wimbi la shinikizo hukimbia ndani ya bomba. Likifika kwenye mwisho ulio wazi linarudi likiwa wimbi la kunyonya. Likiwahi kufika vali zote mbili zikiwa bado zimefunguka kidogo, linavuta moshi uliobaki na kuusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Lisipowahi, injini inapumua moshi wake yenyewe. Urefu na upana wa bomba ndivyo vinavyoamua ni kwenye resi zipi wimbi litakusaidia na zipi litakuumiza. Mabomba mawili mafupi yaliyo wazi, yanayopendwa kwa sauti na sura, mara nyingi huchimba shimo kwenye torki katikati ya geji, mahali palepale kruza inapoishi. Huko juu yanalipa, na hapo ndipo mtu anapodhani amepata. Mimi nilichagua mfumo wa mabomba mawili yanayoungana kuwa moja, kwa sababu mapigo ya silinda moja huisaidia nyingine kutoa moshi, na torki ya katikati hujaa. Sauti yake haitikisi madirisha, nami nilikuwa radhi.

Sikutaka kuamini hisia, maana sauti kubwa humfanya mtu ahisi kasi ambayo haipo. Tulichagua kilima kimoja kirefu kisicho na magari mengi. Gia ya nne, kutoka kilomita 70 kwa saa hadi 100, mafuta yamefunguliwa yote, mke wangu nyuma ameshika saa ya kuhesabia. Mzigo uleule, hali ya hewa inayofanana, upepo ukiwa mtulivu. Tulipima kabla ya kubadilisha kitu na tukapima tena baada ya kila badiliko. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na kinajibu swali hasa ulilonalo: nikiwa na abiria, mlimani, kwenye gia hii, inavuta kuliko jana? Siku tuliyofunga ekzosi na chujio bila kugusa kabureta, saa haikupungua hata kidogo. Tulipolinganisha jeti na sindano, ikapungua waziwazi. Sijapata somo lililonikaa vizuri zaidi ya lile.

Halafu ikaja kemu, na hapa ndipo ningemwomba kila mwenye kruza atulie.

Kemu ndiyo inayoamua vali zifunguke lini, kwa muda gani na kwa kina gani. Wauzaji huzipanga kwa kina, kwa kuwa namba kubwa ya kina inavutia. Mimi nilijifunza kutazama namba nyingine kwanza: vali ya kuingizia inafunga nyuzi ngapi za mzunguko wa kranki baada ya pistoni kupita chini kabisa. Vali hii haifungi pistoni ikiwa chini. Inachelewa, pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Kwenye resi za juu kuchelewa huko ni faida, kwani hewa inayokimbia kwenye manifoldi ina kasi na inaendelea kuingia hata pistoni ikirudi. Kwenye resi za chini hewa haina kasi hiyo, kwa hiyo pistoni inapopanda inausukuma mchanganyiko urudi ilikotoka. Silinda inabaki na hewa pungufu na mgandamizo pungufu.

Kemu inayofunga mapema, nyuzi 30 hivi baada ya chini, inajaza silinda vizuri kwenye resi za chini. Inayofunga kwenye 45 au 50 inahitaji resi ili iamke. Unaweza kuwa na injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 9 kwa 1 kwenye karatasi, ukaifungia kemu ya kufunga kwa kuchelewa, na mgandamizo halisi kwenye mwendo wa polepole ukashuka kiasi cha kuifanya iwe nyonge kuliko ilivyotoka kiwandani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu mmoja tunayesafiri naye. Alikuwa amefungiwa kemu kubwa juu ya pistoni za kawaida. Kwenye barabara iliyonyooka, akizungusha mpaka mwisho, alitupita sote. Mlimani na mkewe nyuma alikuwa anashuka gia ya tatu wakati sisi tuko ya nne. Kemu yenyewe haikuwa mbovu. Ilikuwa inasubiri mgandamizo ambao haikupewa.

Mahali nilipokwenda kuulizia, kijana wa kaunta alinishauri kwa moyo mweupe: “Kaka, kwa bei hiyohiyo chukua hii yenye kina kirefu, usije ukajuta baadaye.” Nikamwonyesha karatasi. Fundi mzee aliyekuwa nyuma yake akaisoma, akaniuliza pistoni ni zipi, nikamwambia za kiwandani. “Basi mpe ya kufunga mapema,” akamwambia kijana. “Huyu bwana anabeba mke na mizigo.” Nikaichukua hiyo. Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau: kina chake kilikuwa ndani ya uwezo wa springi za vali zilizokuwepo, na nafasi kati ya vali na pistoni ilitosha. Ukivuka kina fulani, springi hujibana mpaka mwisho au vali hukaribia kugusana, na unalazimika kununua springi mpya na kuchongesha hedi, kichwa cha silinda kinachobeba vali. Kemu ya bei nafuu hugeuka kuwa kazi ya hedi nzima. Haya yapimwe kabla ya kufunga, tena kwa injini yako hasa, bila kutegemea maneno ya kwenye boksi.

Kwa kuwa kava ya kemu ilikuwa imeshafunguliwa, tulikagua kila kilichomo. Kwenye injini zenye mnyororo wa kemu, vikazio vya mnyororo vina sehemu laini inayosuguana nao, na sehemu hiyo huliwa kwa kazi yake ya kawaida. Beringi za kemu na pampu ya oili navyo viko humo humo. Kurudisha vitu vya zamani nyuma ya kemu mpya ili kuokoa fedha kidogo ni kujitafutia kazi ya kufungua mara ya pili.

Kilima chetu kilikubali. Kemu ilileta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichofunga, na ilituliza pia mwendo wa kusafiri: kwenye 2,500 injini inajibu ukigusa mafuta, badala ya kuomba gia. Nilipoipeleka kwenye mashine ya kupimia nguvu, kilele cha nguvu-farasi kilikuwa kimesogea kidogo tu. Mstari wa torki ndio uliopanda, kuanzia 2,000 hadi kama 4,000, kisha ukaanza kushuka mapema. Mtu anayesoma namba moja ya kilele angesema sikupata kitu.

Nalisema hili kuhusu mashine hizo kwa msisitizo: usilinganishe karatasi za mashine mbili tofauti. Mashine hupima kwenye gurudumu la nyuma, na namba huwa chini ya ile ya kiwandani inayopimwa kwenye kranki, maana gia, mnyororo au mkanda hula sehemu yake. Kisha kuna marekebisho ya hali ya hewa. Kipimo cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, hurekebisha kwenda nyuzi joto 25 na shinikizo la kilopaskali 99. Kile kinachoandikwa STD hurekebisha kwenda nyuzi 15.5 na shinikizo la usawa wa bahari, na kwa injini ileile siku ileile kinatoa namba kubwa kwa asilimia 4 hivi. Aliyeandika STD hajadanganya, lakini anayelinganisha STD yake na SAE ya jirani analinganisha vitu viwili. Omba mchoro mzima, wa kabla na wa baada, kwenye mashine moja, kisha weka kidole kwenye resi unazoishi nazo na uangalie pengo hapo.

Mgandamizo na ukubwa wa injini nilivifikiria sana na nikaviacha kwa wakati ule. Kwenye Twin Cam 88 silinda zilezile zinaweza kuchongwa kutoka milimita 95.25 hadi 98.4, na injini ikafika cc 1550 hivi. Ni ongezeko la asilimia 6.8, na torki huongezeka takriban kwa kiwango hicho kwenye geji nzima, chini mpaka juu. Hilo ni jambo jema. Ukubwa ndio njia ya uaminifu ya kupata torki. Kuongeza mgandamizo nako kunasaidia, kwa sharti la petroli. Mgandamizo ukizidi uwezo wa petroli, mchanganyiko hujilipukia wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, unasikia mgongano kama kokoto ndani ya kopo, na ukiuachia unakula pistoni. Injini ya kupozwa kwa hewa iko hatarini zaidi, hasa silinda ya nyuma isiyopata upepo wa kutosha, kwenye foleni, siku ya jua, na abiria juu. Anayesafiri mbali achague mgandamizo kwa kufikiria petroli duni kuliko zote atakayolazimika kuijaza njiani. Ile nzuri ya karibu na kwake isimdanganye. Kuchelewesha moto ili kuzuia mgongano kunawezekana, ila kila nyuzi unayochelewesha inakula sehemu ya torki uliyoilipia.

Sasa kuna kitu ambacho watu hukipita, nami nakipenda kwa unyenyekevu wake: meno ya mwisho. Pikipiki yangu ina puli ya mbele ya meno 32, inayouvuta mkanda wa gurudumu la nyuma. Ukiweka ya meno 30, torki inayofika kwenye gurudumu kwa kila gia inaongezeka kwa asilimia 6.7, karibu sawasawa na kuchonga silinda, bila kuifungua injini. Gharama yake ni resi: kwenye spidi ileile injini inazunguka kwa asilimia 6.7 zaidi, kwa hiyo 2,700 inakuwa 2,880. Injini yenyewe haijapata nguvu mpya hata kidogo. Umeisogeza tu karibu na mahali inapofanya kazi vizuri. Kwa mtu wa milima na mizigo inaweza kuwa yote anayohitaji, na ikimkera anarudisha puli ya zamani. Anayesafiri saa nyingi kwenye barabara tambarare atachoshwa na mtetemo. Mimi niliijaribu kabla ya kemu na nikaiondoa baada ya kemu, kwa sababu kemu ilinipa mvuto uleule na resi zikabaki chini. Ukibadilisha puli, kumbuka pia kama geji ya spidi inasoma kutoka kwenye sanduku la gia. Ikiwa hivyo itasema uongo mpaka irekebishwe.

Nguvu ikiongezeka, klachi ndiyo ya kwanza kulalamika. Utaiona kwenye gia ya juu: unafungua mafuta, resi zinapanda, spidi haifuati. Springi ngumu kidogo kwa kawaida inatosha kwa kiwango nilichofika. Breki na matairi nilivishughulikia kabla ya kemu, na ningefanya hivyo tena, kwani kruza iliyojaa inafika kwenye kona ya chini ya mlima kwa spidi kubwa kuliko ilivyozoea. Na kabla ya kuondoa ekzosi ya kiwandani, soma sheria ya kelele na ya moshi ya unakoishi, na masharti ya bima yako. Kuna mahali ambako kuondoa kichujio cha moshi ni kosa, na bima inaweza kukataa kulipa kwa badiliko ambalo hukulitaja.

Mtu anayeendesha peke yake, asiye na mabegi, anayependa kuzungusha mpaka 5,000 kwenye barabara za kona, asichukue kemu yangu. Karatasi yake itasema mengine: kemu ya kufunga nyuzi 40 au zaidi, mgandamizo wa kuilingana, hedi iliyofanyiwa kazi, na ekzosi inayopumua juu. Atakuwa sahihi kabisa kwa safari zake, mradi avinunue vyote pamoja kama seti moja.

Mimi nimesimama nilipo. Silinda zikichoka na kulazimika kuchongwa, ndipo nitakwenda 98.4, kwa kuwa injini itakuwa imefunguliwa vyovyote vile, na nitachagua pistoni za kuuacha mgandamizo karibu na 9.5. Jeti zitapanda kidogo, springi ya klachi itaangaliwa upya, na kemu itabaki hiihii.